Aliyebaki Edmonton

Wenzangu, mmeniuliza wengi, na kila anayeniuliza ana kipande chake alichokiokota mahali. Mmoja alinisimamisha sokoni Walthamstow, mbele ya vitunguu, akataka kujua kama ni kweli nilipandisha mashetani nikiwa likizo. Mwengine alinipigia simu analia, amesikia nimefiwa na mume. Sikufiwa. Basi nimeona niandike mara moja, kwa utaratibu, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi, ili atakayeniuliza tena nimpe karatasi nami niendelee na pishi langu.

Habari za kukata tiketi na makaratasi nitaziruka. Hazina maana.

Mezani, kabla ya kuondoka

Kwa wasiotujua: mimi ni Rehema, mzaliwa wa Kisauni, na kazi yangu hapa London ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mume wangu Bakari anafanya kazi kwenye ghala moja hapa Edmonton, mtaa tunaokaa, zamu ya usiku. Tuna watoto wawili, Naima wa miaka kumi na saba na Harun wa kumi na minne. Kiswahili wanakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Humu nimeyaweka maneno yao kwa lugha yetu.

Baridi ya mwaka huu mnaijua. Madirisha yetu yalikuwa yakitoka jasho ndani, na nguo zilikuwa zikianikwa Jumapili zinakauka Alhamisi. Nikasema likizo ya shule ya Februari hatukai hapa. Tukakaa mezani kupanga, kila mtu na sharti lake. Naima alitaka pwani isiyo na mashangazi. "Kila tukienda Mombasa naulizwa nitaolewa lini," alisema. Harun alitaka mawimbi na intaneti isiyokatika. Mimi nilitaka siku sita bila ya kupika na bila ya kumpelekea mtu yeyote zawadi. Tukaafikiana Fuerteventura, kile kisiwa cha Uhispania kilicho jirani na Afrika, ambako jua halikosi hata msimu huu.

Bakari ndiye hakupenda. "Mtu wa pwani anakwenda kulipia pwani ya wenyewe," alisema. "Watu watatucheka." Lakini tiketi zilikuwa nne, na yake ilikuwamo.

Wiki moja kabla ya safari akaniambia msimamizi wake amemnyima ruhusa. Nilimtazama nikajua kwamba hakuomba. Nikamwambia hivyo, tena mbele ya watoto. Kutoka hapo tukawa tunasemezana kwa kupitia kwao: mwambie mama yako, mwambie baba yako.

Jioni ya mwisho alivaa koti lake la kazi, lile la manjano lenye mistari inayong'aa, akasimama chini ya ngazi akasema, "Haya, mimi nimekwenda." Nilikuwa juu nafunga sanduku. Nilimsikia vizuri. Sikuitika.

Edmonton hadi angani

Tulitoka alfajiri, basi kisha treni ya uwanja wa ndege wa Stansted. Tukiwa tunasubiri kupanda ndege, saa moja na kitu, Bakari aliniletea ujumbe: "Nimefika nyumbani. Kichwa kinaniuma. Nalala." Niliusoma nikaitia simu mkobani. Nilijiambia kichwa kitamwuma, kwa ubishi ule.

Ndani ya ndege mimi na Harun tulikaa upande mmoja wa njia. Naima alikuwa upande wa pili, dirishani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa cha baba yake, kitupu. Cha tatu alikaa mzee mmoja Mwingereza aliyelala kabla hata hatujaruka.

Baada ya saa mbili hivi, binti mhudumu wa ndege aliinama karibu nami na gilasi ya maji. Alikuwa na uso wa upole.

"Mume wako anasema hajambo," aliniambia, "lakini mimi rangi yake siipendi. Mpe maji haya anywe."

"Mume wangu yuko London," nikamwambia.

Akageuka kukitazama kile kiti. Kilikuwa kitupu vilevile, mkanda umelazwa juu yake. Binti akawa mwekundu hadi masikioni. "Samahani sana, nimechanganya viti," akasema, akaondoka upesi, na gilasi akaniachia mkononi. Maji niliyanywa mimi. Nilimtazama Naima, lakini alikuwa amelielekea dirisha, vipokea sauti masikioni, hakugeuka.

Muda mfupi baadaye rubani akatangaza kwamba vumbi la jangwani limekifunika kisiwa chetu, hatuwezi kutua. Tungeshuka Lanzarote, kisiwa cha jirani, kisha tupelekwe kwa basi na meli.

Basi la kisiwa kisicho chetu

Vumbi lile sijapata kuuona mfano wake. Linatoka Sahara, linavuka bahari, na likifika mbingu yote inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Jua lilikuwa juu lakini lilikuwa jeupe, dogo kama kidonge, unaweza kulikodolea macho. Hapakuwa na upepo. Watu walizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba mna maiti ndani.

Basi letu lilijaa, dereva akapita anahesabu kwa kidole. Alipofika kwetu akanionyesha vidole vinne. Nikamwonyesha vitatu. Akatikisa kichwa, akanionyesha vinne tena, akaenda kusimama mlangoni na kutazama nje. Dakika kumi zikapita. Watu wakaanza kunung'unika, na macho yote kwangu. Hatimaye mama mmoja aliyejua Kihispania akaniinamia.

"Anasema yule bwana wenu ameteremka. Hawezi kumwacha."

"Mwambie hatuna bwana. Tuko watatu."

Wakasemezana. Dereva alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Harun, kisha akafunga mlango. Njia nzima nilimwona akiinua macho kwenye kioo chake, si kututazama sisi, bali nyuma yetu.

"Labda baba amekwenda kutafuta choo," Harun akasema, akacheka.

"Nani amemtaja baba?" nikamwuliza.

Aligeukia dirisha. Halafu akasema, "Sijui. Nimesema tu." Hakucheka tena mpaka tulipofika bandarini.

Kwenye meli

Meli ilichelewa saa nzima na zaidi. Tulikula mkate wa samaki wa jodari, mzuri kweli, ila kila ukitafuna unasikia mchanga menoni. Hapo ndipo tulipojuana na Awa, mama wa Senegali anayeuza bangili kwa watalii. Aliona mtandio wangu akatoa salamu, nikaitikia, na kwa Kiingereza chake cha kuvunja na changu cha kazini tukawa ndugu. Alimvisha Naima bangili akakataa malipo. Tulipopanda alituchagulia viti ndani, mbali na milango.

Tulipokuwa katikati ya maji alirudi kutoka nje, amejifunga mdomo kwa kitambaa.

"Dada, mwambie mumeo aingie ndani," akasema. "Vumbi hili baya kwa kifua. Nimemwambia mimi, hanijibu."

"Mume wangu gani?" nikamwuliza.

"Huyo aliyekuja nyuma yenu. Ana koti la baridi, la manjano, kama la watu wa kutengeneza barabara. Joto lote hili! Anatetemeka."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya koti. Nilisimama nikatoka nje. Hapakuwa na mtu. Mabenchi yote yalikuwa yamefunikwa vumbi laini kama unga wa dengu, isipokuwa benchi moja karibu na ukingo. Pale palikuwa na nafasi safi, upana wa mtu aliyekaa. Nilisimama nikaitazama, na mbele ya macho yangu vumbi likawa linashuka pale polepole, mpaka nafasi ikawa sawa na kwengine.

Nikampigia Bakari. Simu ikaita mpaka ikakatika, nikamwandikia ujumbe. Nikajipa moyo: analala mchana, simu huiacha mbali. Ndivyo afanyavyo siku zote. Nikarudi ndani nikamwambia Awa hakuna mtu. Alinitazama, akavuta tasbihi yake kutoka mfukoni, na hatukuzungumza tena mpaka tuliposhuka.

Nyumba ya Bi Pino

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, Bi Pino, mwenye Kiingereza alichojifunza kwa wageni. Ni nyumba ya orofa mbili, imepakwa chokaa, na dirisha la juu linaiona pwani yote. Wageni wengine walikuwa wamevunja safari kwa sababu ya vumbi. Tulikuwa peke yetu.

Bi Pino alitupokea vizuri, akambusu Naima mashavuni, kisha akasema, "Baba amekwisha panda. Nimempa ufunguo. Hakusema kitu, maskini. Safari imemchosha."

Nilinyoosha kidole ukutani nyuma yake, kwenye ndoano za funguo. Chumba chetu kilikuwa na funguo mbili, na zote mbili zilikuwa zinaning'inia.

Bi Pino akageuka. Akazitazama. Akaugusa mmoja kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu pasi. "Niliutoa," alisema. "Nilimtia mkononi." Akavuta kiti akakaa, na mimi nikachukua funguo mwenyewe.

Juu hapakuwa na mtu. Nilifungua kabati, nikafungua bafu, nikaona haya mbele ya watoto kwa ninachokifanya. Nikawaambia waende wakaione bahari, nami nichemshe chai. Walipotoka nilipiga simu mara tatu mfululizo. Ujumbe nilioutuma kutoka melini haukuwa umesomwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Saa hizo Bakari huwa ameamka, amekaa na kikombe chake, anasikiliza habari za nyumbani.

Birika lilikuwa halijachemka niliposikia miguu ya Harun kwenye ngazi.

Dirishani

Alikuwa amejaa vumbi usoni, na machozi yamechora mistari miwili.

"Mama, baba yuko pwani."

"Harun!"

"Wallahi, mama. Amesimama ndani ya maji na viatu vyake vya kazi. Nimemwita, hageuki. Naima amebaki kumwita. Mama, anaingia ndani. Anakwenda mbele."

Mtaniuliza kwa nini sikukimbilia pwani. Sijui. Ninachojua ni kwamba hapo ndipo nilipoacha kujidanganya. Sikuteremka. Nilimpigia simu Mzee Pravin.

Mzee Pravin ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na duka hapa miaka mingi na sasa amestaafu. Ufunguo wetu wa akiba anao yeye.

"Mzee, tafadhali, nenda nyumbani kwangu ukamwangalie Bakari. Sasa hivi."

"Mama Naima, si yeye nalala mchana? Mimi ingia nyumba ya mtu kalala?"

"Ingia, mzee. Lawama yangu mimi."

Nilimsikia akitafuta viatu, akifungua mlango wake, akibisha wangu. Alibisha mara mbili. Kisha ufunguo.

"Bakari? Bakari, bwana?" Nikasikia akiingia ndani. "Iko joto sana hapa ndani, mama. Hiki chombo cha kupasha maji nanguruma." Halafu sauti yake ikabadilika. "Mama. Yeye hapa kwa ngazi. Kaanguka. Kavaa koti ya kazi."

"Anapumua?"

"Sijui... Ngoja. Mimi kichwa yangu nazunguka."

Nyie mnaijua kazi yangu. Tumefundishwa habari za gesi isiyo na harufu, inayotoka kwenye mitambo hii ikiharibika na kumuua mtu usingizini, tumeonyeshwa mpaka picha. Nikapiga kelele kiasi kwamba Bi Pino alipanda juu mbio. "Mzee, toka! Acha mlango wazi, toka nje, ita watu! Ni gesi!"

"Lakini nyinyi nayo kengele ya gesi, mimi naona hapa juu ya rafu..." Akakohoa. "Hii haina betri."

Betri niliitoa mimi. Wiki mbili nyuma ilikuwa ikilia kidogokidogo, tii, tii, nami nimetoka kazini nimechoka. Nikaiteremsha, nikaitoa betri, nikasema nitanunua nyingine. Hilo siku zile sikumwambia mtu, na sasa nawaambieni.

Nilimsikia mzee akiwaita mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la nyumba ya pili. Nikasikia miguu mizito, mtu akisema kwa Kiingereza mshike kwapani, dirisha likivunjwa. Kisha simu ikakatika.

Harun alikuwa dirishani wakati wote huo, paji la uso limegusa kioo.

"Hayupo," akasema.

"Nani?"

"Baba. Alikuwa maji yamemfika kifuani. Sasa hayupo."

Nikaenda dirishani. Niliona bahari ya rangi ya vumbi, na Naima peke yake kwenye mchanga, mikono kichwani. Sikujua kutoweka kule kuna maana gani. Amerudi, au amekwenda? Bi Pino alinishika mabega, na hivyo ndivyo tulivyokaa, wanne chini sakafuni baada ya Naima kupanda, simu katikati yetu. Sikumbuki nilisoma nini. Nilisoma kila nilichokijua, nilipofika mwisho nikaanza tena.

Baada ya muda ambao Harun anasema ni nusu saa, simu ikalia.

"Mama Naima," alisema Mzee Pravin, analia. "Watu wa ambulensi kaja, kamtia hewa. Kafungua macho. Kauliza leo siku gani."

Siku mbili za vumbi

Hatukuweza kuondoka. Ndege zote zilikuwa zimesimama. Siku mbili nilizunguka ndani ya nyumba ile nikisubiri simu za hospitali, na nje mbingu haikubadilika.

Bi Pino hakutuacha. Alitupikia viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda yake mpaka chumvi ikaganda juu, na mchuzi mwekundu wenye pilipili na bizari. Asubuhi alitukorogea uji wa unga wa nafaka iliyokaangwa, nikamwambia kwetu tungeuita uji wa wagonjwa, akacheka kwa mara ya kwanza. Lakini nilimwona pia, akidhani simwoni, akiziondoa zile funguo mbili ukutani na kuzifungia kwenye droo ya meza.

Kwenye bahari hakuingia mtu. Harun, aliyetaka mawimbi, hakutaka hata kulisogelea lile dirisha.

Kurudi

Siku ya tatu vumbi liliinuka, tukapata viti. Kutoka uwanjani tulikwenda hospitali moja kwa moja na masanduku yetu. Bakari alikuwa amekaa kitandani, midomo imekauka, sauti ndogo. Madaktari walisema gesi ilikuwa inamwingia tangu asubuhi. Kilichomsaidia ni mlango wa jikoni, kilipo chombo cha kupasha maji, kuwa umefungwa. Aliamka anaumwa, mwili unasikia baridi kali, akavaa koti lake atoke nje, akaishia ngazini. Fundi alikuta ndege wamejenga kiota ndani ya bomba la moshi la chombo kile.

Watoto walipokwenda kununua maji aliniambia, "Ile ruhusa sikuomba."

"Najua."

"Nilitaka unibembeleze."

"Na mimi ulipoaga nilikusikia," nikasema. "Na ile betri niliitoa mimi."

"Tungekuwa wote ndani, tungelala wote," akasema, akafumba macho.

Nilimwuliza kama anakumbuka lolote la siku ile, ndoto yoyote. Hakumbuki kitu. Nimemhadithia mara moja tu, akaniomba nisirudie.

Aliyenihadithia ni Naima. Tulikuwa kwenye ujia wa hospitali, ananiegemea bega kama alipokuwa mdogo.

"Mama, mimi nilimwona ndani ya ndege. Begi langu lilikuwa kwenye kiti chake. Akaniambia nilitoe. Nikalitoa, akakaa."

"Naima! Mbona hukusema?"

"Alikuwa baba," alisema. "Niliona kawaida tu. Nilidhani mmepatana. Nilipogeuka tena hakuwepo, na wewe ulikuwa na ile gilasi ya maji, nikaogopa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Binti yake alimwona, mwanangu wa kiume alimwona, dereva alimwona, na Awa, na Bi Pino, na binti wa ndege asiyetujua. Mimi, mke wake kwa miaka kumi na tisa, sikumwona hata kivuli. Nilimpelekea shehe mmoja swali hili, akaniambia nishukuru na nisichimbe. Ninashukuru. Kuchimba bado nachimba.

Bakari amerudi nyumbani, na wiki iliyopita amerudi kazini, zamu ya mchana. Jana nilifungua mlango nikamwona amekaa jikoni, ameipa mgongo taa, na koti bado analo mwilini. Zamani ningepiga kelele kutoka mlangoni kwamba nimefika. Siku hizi siwezi. Niliweka mkoba chini, nikatembea taratibu mpaka nilipomfikia, nikaweka kiganja changu shingoni mwake, chini ya kola. Alikuwa wa moto. Hakushtuka, hakuuliza. Aliinamisha kichwa akaubana mkono wangu pale, tukakaa hivyo mpaka watoto walipoingia na kuuliza kuna chakula gani.